Jinsi ya kusoma jiwe lililolegea la Mirihi kwa picha za rova

Juzi nilikesha na mpwa wangu anayesoma jiolojia. Ana picha ya jiwe moja la Jezero, kreta (shimo kubwa) huko Mirihi, analipenda kweli, nikamuuliza lina ukubwa gani, akaniambia "kubwa, mjomba". Basi nikaona niandike hii, maana na mimi nilikwama hapohapo.

Nazungumzia yale mawe yaliyokaa tu juu ya mchanga, hayajashikana na mwamba wa chini. Mimi nayapenda kuliko yote kwa sababu yanaweza kuwa yametoka mahali ambapo rova (roboti ya magurudumu inayotembea Mirihi) haitafika kamwe.

Hatua ya 1. Ingia kwenye picha ghafi za NASA za Perseverance, rova iliyoko Jezero, kamera ni Mastcam-Z, pakua jicho la kushoto (jina linaanza na ZL) na la kulia (ZR) zilizopigwa kwa pamoja. Fungua kwa ImageJ, programu ya kupima picha, kwenye kompyuta. App za simu za kung'arisha picha achana nazo kabisa, zinachora kingo ambazo jiwe halina.

Hatua ya 2. Angalia picha za sol (siku za Mirihi) za nyuma, isije ikawa rova yenyewe ndiyo imelisogeza. Januari 2014 Opportunity, rova nyingine ya NASA, iliona jiwe jipya, likaitwa Pinnacle Island, mahali ambapo sol 3528 palikuwa patupu na sol 3540 lipo. Kumbe gurudumu lilivunja jiwe la jirani, kipande kikarukia pale.

Hatua ya 3: umbali. Hapa soma taratibu. Macho mawili ya Mastcam-Z yameachana sm 24.4, kwa hiyo jiwe linahama kidogo kati ya picha ya kushoto na ya kulia, na huko kuhama ndiko kunakokupa umbali. Mimi nilichukulia kwamba kamera zote zinatazama mbele sambamba, nikapoteza usiku tatu, maana haziko sambamba, kila moja imegeuzwa ndani kama digrii 1.17, na jiwe lililo karibu mita 6 halihami kabisa, hesabu yangu ikawa inasema liko mbali kusiko na mwisho!

Dawa yake ni kilima. Tafuta ndani ya picha hizohizo kitu cha mbali sana, kingo ya kreta kwa mfano, kiwe ndiyo sifuri yako. Tuseme kilima kwenye picha ya kushoto kiko safu wima ya 900 na kwenye ya kulia 1044, tofauti ni -144. Kona ya jiwe kushoto 760, kulia 818, ni -58. Kutoka -144 mpaka -58 ni pikseli 86. Zidisha kwa pembe ya pikseli moja, ambayo ni radiani 0.000283 kwa lenzi ya 26 mm, halafu gawa 0.244 kwa jibu lake. Unapata mita 10.

Sasa angalizo. Lenzi inavuta, kwa hiyo soma jina la faili, 026 ni 26 mm, 110 ni 110 mm na hapo pembe inakuwa 0.000067. Usitumie picha ndogo ya kioneshi wala skrinshoti, faili kamili ina upana wa pikseli 1648. Chagua kona kali ya jiwe, ileile pande zote mbili, siyo mgongo wa mviringo. Na kwa 26 mm, kosa la pikseli moja kwenye mita 10 ni kama sm 12, ila kwenye mita 30 ni mita nzima, kwa hiyo huko mbali usibishane na mtu.

Hatua ya 4. Upana kwa pikseli × pembe × umbali. Pikseli 70 kwa mita 10 ni sm 20.

Hatua ya 5. Lichore kwa penseli. Mkono unaona mistari, vitundu na mikwaruzo ya upepo ambayo jicho linapita tu.

Hatua ya 6: limetoka wapi? Linganisha na mwamba wa jirani. Freya Castle, lile la milia myeusi na myeupe la sol 1268 (13 Septemba 2024), lina kama sm 20 na halifanani na chochote pale chini, kwa hiyo huenda liliporomoka kutoka juu. Likiwa na chuma na nikeli nyingi, fikiria kimondo, kama Heat Shield Rock ambayo Opportunity iliikuta Januari 2005. Kupima kemia kwa mbali kunahitaji leza ya SuperCam, kifaa cha Perseverance, nayo inafika mita 7 tu.

Jiwe la mpwa wangu, hesabu ilisema liko umbali wa mita 14. Sasa anapekua sol zinazofuata kuona kama rova ililisogelea.