Somo: Kuunda pamoja na wanafunzi taa za kufukuza simba (soma lote kabla ya kuuliza)

Naandika mara moja tu. Kila muhula kuna klabu ya wanyamapori inayotafuta mradi wa mikono, na kila muhula naulizwa lilelile: zile taa za yule kijana Mmaasai zinaundwaje?

Kijana ni Richard Turere wa Kitengela, jirani na Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi upande wa kusini usio na ua. Alikuwa na miaka 11 na kazi yake ilikuwa kulinda ng'ombe wa baba yake. Aliwasha moto, simba wakapata mwanga wa kulitazama zizi. Akasimamisha sanamu ya mtu. Siku ya kwanza simba walirudi walikotoka, ya pili wakaizoea. Kisha usiku mmoja akawa anazungukazunguka na tochi, na hawakuja. Wanachoogopa ni mwanga unaotembea, kwa kuwa nyuma yake kuna mtu aliye macho. Wanafunzi wajadili hilo kwanza, kabla hata ya kugusa waya. Wasipolielewa watakuwa wamefunga taa za krismasi.

Vifaa: betri ya volti 12 (hata kuukuu ya gari, ilmradi inashika chaji), paneli ya sola na kidhibiti chaji chake, taa za indiketa za LED za pikipiki, flasha (kile kifaa kinachozifanya indiketa zipepese), swichi, fyuzi, waya.

1. Unganisha kidhibiti na betri kwanza, paneli baadaye.

2. Fyuzi ikae kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Betri aishike mtu mzima. Ina asidi, na ikipigwa shoti waya unawaka.

3. Swichi baada ya fyuzi.

4. Flasha. Hapa ndipo miradi mingi hufia, wangu wa kwanza ukiwemo. Flasha ya kizamani ya pikipiki imeundwa kwa balbu za nyuzi zinazovuta umeme mwingi. LED zinavuta kidogo mno, kwa hiyo flasha inapepesa kwa kasi ya wazimu, au haipepesi kabisa na taa zinabaki zinawaka tu. Taa iliyotulia haimsumbui simba. Nunua flasha ya kielektroniki ya LED. Ikiwa na miguu mitatu, B inaenda chanya, L inaenda kwenye taa, E inaenda hasi. ONYO: usibadilishe B na E ukitumaini itajirekebisha, utaiua. ONYO la pili: ijaribu mezani kwa saa kadhaa kabla ya kupanda juu ya nguzo yoyote.

5. Taa zote ziunganishwe sambamba, si moja nyuma ya nyingine.

6. Zifunge pande zote za zizi zikitazama NJE, usawa wa macho ya simba, yaani kama mita moja kutoka chini. Ukiweza, kila upande uwe na flasha yake, zisipepese kwa pamoja. Hapo kwa mbali inakuwa kama mtu anazunguka.

Zizi bovu lisitegemee taa. Ziba mianya kwanza.

MASWALI

Mgeni22: Taa zangu zinawaka tu hazizimi, shida nini?

Hatua ya 4.

Mgeni22: Nimesoma lakini flasha ni mpya kabisa.

Mpya ya balbu au mpya ya LED? Upya si aina.

MamaMapacha: Mwalimu, shikamoo. Wanangu wana LED walizotoa kwenye tochi mbovu, hawataki za kununua. Zinafaa?

Marahaba mama. Zinafaa sana, hata Turere alitumia za tochi mbovu. Ila LED moja nyeupe inataka kama volti 3, ukiipa 12 moja kwa moja inakufa papo hapo. Waziunge tatu kwa mfululizo pamoja na rezista ya omu 220, na kila kundi la tatu ndilo liungwe sambamba na mengine. Waache wapime wenyewe kwa mita ya umeme, wakiunguza moja watajua kwa nini.

Kijana_wa_Ranchi: Hizi ni porojo, simba watazoea.

Umesoma kuhusu sanamu? Kuna utafiti uliochapishwa 2018 kuhusu maboma ya huko huko kusini mwa mbuga, na mashambulizi ya usiku yalipungua kwenye maboma yenye taa. Mchana malishoni taa haina kazi, huko anahitajika mchungaji. Sijasema popote kwamba ni dawa ya kila kitu.

FundiSola: Nyongeza, mkuu: futeni vumbi kwenye paneli. Nusu ya "betri mbovu" ninazoletewa ni paneli chafu.

Kweli tupu. Hilo wape wanafunzi wadogo kwa zamu.

Darasa_la_Sita: Sisi shida yetu ni tembo, si simba. Watafanya hivyo hivyo?

Swali zuri. Kwa tembo msitegemee taa hizi, ila wanaogopa nyuki. Mtafiti Lucy King amefanya kazi hiyo miaka mingi, na kule Sagalla karibu na Tsavo wakulima wana ua wa mizinga: inaning'inia kwenye waya kuzunguka shamba, mmoja kila mita 10. Tembo akisukuma waya mizinga inatikisika na nyuki wanatoka. Si yote yenye nyuki. Katikati ya yenye nyuki huwekwa mizinga bandia ya mbao nyembamba iliyopakwa rangi ya njano. Hiyo ya bandia darasa zima linaweza kukata na kupaka bila kuumwa. Yenye nyuki mwachieni mfugaji.

Darasa_la_Sita: Kwa nini njano?

Ifanane na ya kweli, nayo hupakwa njano. Pimeni mzunguko wa shamba lenu kwa mita kwanza, mgawanye kwa 10, mniambie ni mizinga mingapi. Tutaanzia hapo.

Mgeni22: Flasha ya LED inauzwa wapi?

Kwa muuza vipuri vya pikipiki. Nenda na ile uliyonayo mkononi.