Kabla hujanunua balbu: namna ya kuipa taa ya mbele ya pikipiki mwanga wa kutosha

Wanaoleta pikipiki wakilalamika kuwa taa haioni mbali, wengi huja na balbu mpya mfukoni. Mimi huiweka pembeni kwanza. Pikipiki nyingi ninazofungua hazina shida ya balbu. Mwanga umepotelea kwenye waya uliochoka, kwenye kioo kilichofifia, au taa imelenga matawi ya miti badala ya lami. Ukifunga balbu kali juu ya ubovu huo, umelipia tu joto zaidi. Ndiyo maana hapa balbu mpya haichaguliwi mpaka hatua ya tano.

Andaa bisibisi, spana za kufungulia kifuniko cha taa, mita ya kupimia volti (maltimita), msasa mlaini wa maji, spiriti, kitambaa kisichoacha nyuzi, tepu ya karatasi na futi.

Hatua ya 1: Soma balbu uliyonayo

Zima taa na uiache ipoe. Balbu ya halojeni, yaani ile ya uzi unaowaka ndani ya kioo, ikiwa imetoka kuzimwa inababua vidole. Fungua kifuniko, chomoa soketi, vua mpira wa kuzuia vumbi, kisha achia springi inayoshikilia balbu. Maandishi yapo kwenye kitako.

Ukikuta H4 12V 60/55W, una balbu ya nyuzi mbili, wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu. HS1 nayo ina nyuzi mbili, lakini ni 35/35W. H7 ina uzi mmoja wa wati 55, kwa hiyo pikipiki yenye H7 huwa na balbu tofauti kwa fulu na kwa dimu. Pikipiki ndogo nyingi hutumia kitako cha duara chenye vipini viwili ubavuni, BA20d, cha wati 35 au 25.

HS1 na H4 zinafanana mno, na hapo ndipo watu hujiingiza matatani. Masikio ya kitako hayalingani sawasawa, basi mtu anachukua tupa, analikwangua sikio na kuilazimisha H4 iingie. Inaingia, ndiyo. Lakini wati 35 kwenye volti 12 zinavuta karibu ampea 3, na wati 60 zinavuta 5. Koili ya chaji, swichi na nyaya za pikipiki hiyo vilipigiwa hesabu ya zile tatu. Utaona mwanga mzuri siku za mwanzo, kisha soketi inaanza kubadilika rangi na betri inaamka asubuhi imelegea.

Hatua ya 2: Taa inakula umeme gani?

Washa swichi bila kuwasha injini. Taa ikiwaka, inalishwa na betri, yaani umeme wa DC. Ikikataa mpaka injini iungurume, halafu ikawa inafifia kwenye sailensi (injini ikinguruma bila kuvutwa mafuta) na kung'aa ukivuta mafuta, kuna uwezekano mkubwa inalishwa moja kwa moja na koili ya injini, umeme wa AC.

Nasema uwezekano kwa sababu zipo pikipiki za DC ambazo taa yake husubiri injini iwake. Hakikisha kwa mita: injini ikiwa inanguruma na taa imewaka, pima kwenye soketi kwa DC kwanza. Ukiona 13 au 14 iliyotulia, ni DC. Ukiona namba ndogo inayorukaruka, au yenye alama ya kutoa, geuza mita kwenye AC. Usianze na AC, maana mita rahisi ikiwekwa AC na kupelekewa umeme wa betri huweza kuonesha namba ya uongo kabisa.

Jibu la hatua hii ndilo linaloamua ununue nini. Balbu za LED, ambazo badala ya uzi zina chipu ndogo zinazotoa mwanga, zilizotengenezwa kwa DC zikiwekwa kwenye AC hupepesa, hufifia injini ikishuka, na nyingine hufa mapema. Na kuihamisha balbu ya halojeni kwenda kwenye betri kwa kuunga waya mmoja tu si dawa, kwa sababu sehemu ya koili inayochaji betri haijaongezeka. Kubadili mfumo mzima wa chaji kunawezekana, lakini ni kazi ya fundi umeme aliyezoea kufungua koili. Kama taa yako ni ya AC na hutaki kwenda huko, baki na halojeni nzuri ya wati zilezile na uzingatie hatua za kioo na kulenga. Utashangaa.

Hatua ya 3: Pima umeme unaofika kwenye balbu

Hapa ndipo penye mwanga wa bure, na ndipo watu wanaporuka. Halojeni haipungui mwanga sawasawa na volti. Volti zikishuka kwa asilimia 10, mwanga unashuka kwa karibu asilimia 30. Betri ikionesha 14.0 huku kwenye balbu zinafika 12.6, tayari umeshapoteza karibu theluthi ya mwanga, na hakuna kitu kilichoharibika kwa kuonekana.

Pima hivi, kwa taa ya DC. Acha balbu ikiwa imechomekwa na inawaka, kwa sababu soketi isiyo na mzigo itakudanganya kuwa kila kitu ni kizima. Injini iwe kwenye mzunguko wa kati. Pima kwanza kwenye vichwa vya betri: chaji yenye afya hutoa kati ya 13.5 na 14.5. Kisha ingiza ncha za mita kwa nyuma ya soketi na upime kati ya chanya na hasi ya balbu. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna kazi ya kufanya.

Sasa tafuta upande unaokula. Weka ncha moja kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya balbu; namba unayoiona ndiyo volti zinazopotea njiani. Rudia kati ya hasi ya balbu na hasi ya betri. Upande wa hasi ukiwa mbaya, nenda moja kwa moja kwenye boliti inayofunga waya wa hasi kwenye fremu. Kutu na rangi chini ya ile boliti zinaiba kuliko watu wanavyodhani. Fungua, sugua mpaka chuma king'ae, funga, paka grisi juu. Upande wa chanya ukiwa mbaya, washukiwa ni swichi ya fulu na dimu kwenye usukani, plagi zilizo nyuma ya taa, na soketi yenyewe. Swichi na plagi zinasafishika. Soketi iliyobabuka au yenye meno yaliyolegea usiihurumie, itoe.

Ukishasafisha vyote na bado volti zinapungua, nyaya zenyewe ni nyembamba au ndefu mno, na hapo rilei, yaani swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo ili zipitishe umeme mkubwa, zinafaa. Utahitaji mbili, moja ya fulu na moja ya dimu. Mguu wa 30 wa kila rilei unapata waya kutoka chanya ya betri, kupitia fyuzi yake ya ampea 10 iliyo karibu na betri. Mguu wa 87 unakwenda kwenye balbu. Mguu wa 86 unaunganishwa na waya wa zamani uliokuwa unalisha balbu, ambao sasa kazi yake ni kuiamsha rilei tu. Mguu wa 85 unakwenda hasi. Tumia waya wa milimita mraba 1.5 au 2.5, na uvute pia hasi mpya kutoka kwenye balbu hadi betri, la sivyo umetibu mguu mmoja. Mpango huu ni wa taa za DC peke yake.

Hatua ya 4: Kioo na bakuli

Kioo cha plastiki huota umanjano na ukungu kwa jua. Loweka msasa wa namba 800, sugua kwa maji mengi, nenda 1500, kisha 2000, umalizie na polishi. Kitakuwa kama kimepakwa maziwa katikati ya kazi, usiogope, endelea. Ila ujue umeondoa pia tabaka linalokikinga na jua, kwa hiyo kipake kinga mpya au kitarudi ulipokitoa.

Bakuli la ndani linaloakisi mwanga ni jambo jingine. Ung'avu wake ni utando mwembamba sana wa alumini, na kitambaa kinaweza kuuondoa kwa mpanguso mmoja. Usiupanguse. Chungulia balbu ikiwa nje: kama umechubuka au umegeuka kijivu, badilisha taa nzima. Hakuna balbu itakayookoa bakuli lililokufa.

Hatua ya 5: Sasa balbu

Chaguo la kwanza ni halojeni ya aina ileile na wati zilezile, lakini ya daraja la juu. Uzi wake umesukwa kwa kubana zaidi na unawaka kwa joto zaidi, hivyo mwanga unakusanyika vizuri, ila maisha yake ni mafupi kuliko ya balbu ya kawaida. Tafuta iliyotengenezwa kuhimili mtikisiko wa pikipiki. Zile zenye kioo cha bluu ziache dukani: rangi hiyo ni chujio, inazuia sehemu ya mwanga uliokwisha kuulipia. Na za wati 100 kwenye soketi ya 60 ni njia ya haraka ya kuyeyusha soketi.

Chaguo la pili ni LED. Inavuta umeme kidogo na ikichaguliwa vizuri inasaidia kweli. Tatizo ni kwamba bakuli la taa yako lilichorwa kwa ajili ya uzi wa halojeni uliokaa mahali maalumu. Chipu ya LED ikikaa milimita chache mbele au nyuma ya mahali pale, mwanga unatawanyika: unamchoma macho anayekuja, na wewe unabaki na weupe mwingi karibu na tairi na giza mbele. Kwa hiyo chagua yenye ubao mwembamba, chipu ndogo zilizopangwa mahali uzi ulipokuwa, kikinga chini ya chipu za dimu kama ilivyo kwenye H4 ya kawaida, na kola (pete ya kitako) inayozungushika. Pima pia nafasi nyuma ya taa. Feni au mapezi ya kupoza yakibanwa na kifuniko, balbu itajipika yenyewe.

Namba za lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) kwenye boksi zichukue kwa tahadhari. H4 ya kawaida hutoa karibu lumeni 1,650 kwa fulu na 1,000 kwa dimu, kwa hiyo boksi linalotangaza makumi ya maelfu linakuuzia wino. Rangi nayo: hupimwa kwa kelvini, na namba ikipanda mwanga unaelekea weupe wa bluu; halojeni ipo karibu na kelvini 3,200, LED nyingi ni 6,000 hadi 6,500. Mimi hupendelea za 4,300 mpaka 5,000, kwa sababu kwa macho yangu mwanga wa bluu kwenye mvua na ukungu unakurudia usoni na lami iliyolowa inakuwa kama haipo.

Nchi nyingi haziruhusu balbu ya LED ndani ya taa iliyoidhinishwa kwa halojeni, kwa hiyo ulizia sheria ya kwenu kabla ya kulipa. Kama pesa ipo, taa nzima ya LED iliyobuniwa hivyo kiwandani na yenye idhini ni bora kuliko balbu ya LED kwenye bakuli la halojeni. Balbu za gesi (HID) zinazohitaji balasti, yaani kifaa cha kuziwashia, sizifungi kwenye taa ambayo haikuundwa kwa ajili yake.

Hatua ya 6: Kufunga

Usiguse kioo cha halojeni kwa vidole. Mafuta ya ngozi hutengeneza doa linalopata joto kupita sehemu nyingine, na balbu hufa mapema. Ukigusa, futa kwa spiriti. Linganisha masikio, funga springi, rudisha mpira wa vumbi ukae pande zote. LED ya ubao ikishakaa, chipu zitazame kushoto na kulia, si juu na chini. Mwisho zungusha usukani pande zote mbili mpaka mwisho uhakikishe hakuna waya unaovutwa.

Hatua ya 7: Kulenga

Jaza upepo matairi, simamisha pikipiki kwenye ardhi tambarare mita 5 kutoka ukutani, na uketi juu yake. Kama kawaida unabeba abiria au mzigo, vipakie, maana nyuma ikizama pua inainuka na taa inapanda nayo. Mwenzako apime urefu kutoka chini hadi katikati ya taa, abandike tepu ukutani kwa urefu huohuo.

Washa dimu. Ukingo wa juu wa mwanga unatakiwa ukae sentimita 5 hivi chini ya tepu, yaani sentimita moja kwa kila mita ya umbali. Rekebisha kwa skrubu iliyo chini ya taa, au kwa kulegeza boliti za ubavuni.

Kwa LED, angalia kama ukingo huo upo kabisa. Mwanga ukipanda juu ya tepu bila mpaka unaoeleweka, zungusha kola kidogokidogo ukitazama ukuta. Ukikataa kukatika, toa hiyo balbu. Usijaribu kuficha kasoro kwa kuinamisha taa, kwani fulu nayo itainama na hutakuwa na mwanga wa mbali hata kidogo.

Hatua ya 8: Jaribu gizani

Tafuta barabara isiyo na taa za pembeni na uanze polepole. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa unakata karibu mita 17 kila sekunde, kwa hiyo tazama unaona wapi mwisho, si jinsi panavyong'aa karibu. Wanaokuja wakikuwashia fulu na wewe upo dimu, rudi ukutani.

Baada ya nusu saa simama, zima, na uguse sehemu ya nyuma ya soketi. Ikiwa ya moto kiasi cha kushindwa kuishika, huenda kiungo bado kina ubovu. Rudi hatua ya 3. Halafu, kwa taa ya DC, washa injini na taa, iache sailensi na upime betri. Ikiwa chini ya 12.6 na inaendelea kushuka, chaji haitoshi kwa foleni ndefu, na balbu uliyoweka inavuta kuliko pikipiki inavyoweza kutoa.