Laptop, bando na protini ya kuzuia mafua ya ndege

Niko Ujiji na laptop ya kawaida, nabuni protini ndogo ya kung'ang'ania kirusi cha mafua ya ndege kisiingie kwenye seli. Hesabu nzito naziendesha bure Google Colab, yaani kompyuta za Google kupitia mtandao, kwa hiyo usisubiri mashine kubwa.

Hatua ya 1. Ingia Protein Data Bank, ghala la mtandaoni la maumbo ya protini, pakua faili 3GBM. Ni hemaglutinini ya H5N1, kirusi cha mafua ya ndege: protini iliyochomoza juu ya kirusi, ikiwa imeshikwa na kingamwili iitwayo CR6261. Utaifuta kingamwili, ila kwanza tazama imeshika wapi.

Hatua ya 2. Chagua pa kushika. Hapa usikimbie. Hemaglutinini ina kichwa na shina. Kichwa ndicho kinachonasa sukari za seli, na ndicho kinachobadilika kila kukicha. Shina ni gumu kubadilika, kwani ndilo linalofyatuka ili ngozi ya kirusi iungane na ya seli. Likiharibika, kirusi hakiingii popote. Sisi tunataka kulibana lisifyatuke, kama mtego wa panya uliowekewa kijiti. CR6261 imelala shinani, kwenye kijifereji kisichopenda maji. Andika namba za amino asidi (vipande vinavyounda protini) tatu hadi sita za hapo. Mara ya kwanza mimi nilichagua mahali palipofunikwa na sukari za kirusi chenyewe. Bando la siku mbili likaenda na maji.

Hatua ya 3. Ipe RFdiffusion, programu ya akili bandia inayochora maumbo ya protini, namba hizo, iombe kiunzi cha amino asidi 50 hadi 80. Kiunzi ni umbo tupu, hakina herufi bado, yaani hakijui kila nafasi ikae amino asidi gani. Programu nyingine, ProteinMPNN, ndiyo inayoziandika. Hifadhi Drive kila mara: umeme ukikatika, Colab haikungoji.

Hatua ya 4. Chuja bila huruma. Pitisha kila mfuatano wa herufi kwenye AlphaFold2, programu inayobashiri umbo la protini, pamoja na hemaglutinini, kisha soma pAE, kipimo cha kosa inalokadiria katika namna protini hizo mbili zilivyokaa pamoja. Kikizidi 10, tupa. Utatupa nyingi, usinune: mwaka 2017 kundi la David Baker, mwanasayansi wa kubuni protini, lilipima maabarani miundo 22,660, ya hemaglutinini na ya sumu ya botulinamu, na iliyonasa ilikuwa sehemu ndogo tu.

Zilizobaki zinataka maabara: jeni iagizwe, protini izalishwe, ipimwe kama kweli inashika. Jirani yangu mfuga kuku kaniuliza dawa itakuwa tayari lini. Nikamfungulia faili. Akakuta herufi 65, akacheka, akaenda kufunga banda.