Pakiti moja ya dawa ya nagana ni kilo 300, si "ng'ombe mmoja"

Ninyi mnaochunga kandokando ya mapori yenye mbung'o, nagana, ugonjwa unaoenezwa na nzi hao, mnaijua. Ng'ombe anakonda huku anakula, nywele zinasimama, tezi za bega zinavimba. Sitarudia hayo. Naandika kwa sababu ya kosa moja ninalolikuta karibu kila boma ninaloitwa: nusu dozi.

Juzi nilimkuta dume wa kukokota plau amelala, hawezi kunyanyuka. Mwenyewe akachomoa kwenye paa la banda kimfuko cha nailoni, ndani yake unga wa njano wa diminazini, dawa ya nagana, uliokwisha kugandamana kwa unyevu. "Bwana mifugo, hii nilibakiza. Nilimchoma nusu, kesho yake akaanza kula, homa ikaisha. Nikaona ya nini kumaliza dawa?" Wiki tatu baadaye dume yuko chini, na mvua za kulimia ndizo hizo zimeanza.

Wafugaji, homa kushuka si kupona! Tripanosoma, kimelea cha nagana, huogelea kwenye damu nje ya chembechembe zake, mahali ambapo kinga ya mwili inakiona waziwazi. Kinachokiokoa ni vazi. Chukueni tripanosoma ya aina ya brucei: imefunikwa mwili mzima kwa protini ya namna moja, molekuli kama milioni 10 zilizobanana. Ng'ombe hutengeneza kingamwili za kupiga vazi hilo hilo, vimelea vinakufa kwa wingi, homa inashuka. Lakini humo humo vipo vichache vilivyokwisha kubadili vazi. Kimelea kimoja kina vinasaba zaidi ya 1,000 vya kutengenezea mavazi, na huvaa moja tu kwa wakati mmoja. Vilivyobadili havitambuliki, vinazaana, homa inarudi, kinga inaanza kazi upya. Ng'ombe hupanda na kushuka hivyo kwa wiki na miezi huku damu ikimwishia. Ndiyo sababu kubwa ya kukosa chanjo ya nagana hadi leo, kwa hiyo anayewauzia "chanjo ya ndorobo", yaani ya nagana hiyo hiyo, mnadani mfukuzeni.

Diminazini haijali vazi. Inaingia ndani ya kimelea na kushika vinasaba vyenyewe, awe amevaa lolote. Nguvu hiyo inakuwepo dawa ikitosha. Ukichoma nusu unapunguza vimelea na kubakiza vingine, na vinavyobaki ndivyo vilivyoistahimili dawa. Hivyo ndivyo usugu unavyoingia bomani kwako, kisha kwa jirani mnayechangia malisho.

Sasa vipimo, na hapa sitaki kusikia "nimekadiria kwa macho". Ng'ombe asimame wima. Zungusha kamba kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, ibane bila kumkaba, kisha ipime kwa sentimita. Pima tena urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa kalio. Mzunguko mara mzunguko, mara urefu, gawanya kwa 10,840: hizo ndizo kilo. Yule dume alikuwa na mzunguko wa sentimita 165 na urefu wa 140, yaani kilo 352 hivi.

Dozi ni miligramu 3.5 za diminazini yenyewe, si za unga wote wa pakiti, kwa kila kilo. Pakiti ndogo ya gramu 2.36 huyeyushwa kwa mililita 12.5 za maji safi yaliyochemshwa yakapoa. Si 20, si "mpaka bomba lijae"! Unapata mililita 15, na unachoma mililita 5 kwa kila kilo 100. Dume wa kilo 352 anataka mililita 17.6. Mmeona? Hata pakiti nzima isingemtosha, naye alipewa 7.5. Kwa bei ya pakiti ya pili, mtu ameweka rehani msimu mzima wa kulima.

Choma ndani kabisa ya msuli, na dozi ikizidi mililita 10 igawe sehemu mbili, siku hiyo hiyo. Punda na mbwa msiwachome kwa kipimo cha ng'ombe, dawa hii inaweza kuwaua. Siku za kuacha maziwa na nyama zisomeni kwenye lebo.

Siku ya 14 niiteni nipime damu, hata kama ng'ombe anaonekana mzima. Vimelea vikionekana ilhali dozi ilikuwa kamili, usirudie dawa ile ile: tutahamia isometamidiamu, dawa nyingine ya nagana, ambayo nayo ina kipimo chake. Aliyepona utamjua, ananenepa na utando wa jicho unarudi kuwa mwekundu.

Ukiwa na ndama wa kilo 80 anayehitaji mililita 4, panga na jirani mwenye mgonjwa mchome siku moja mmalize pakiti. Iliyokwisha kuyeyushwa ikabaki jioni, imwage shimoni. Paa la banda si stoo ya dawa.