Somo: Wingi wa maneno ya Kihispania na vile vijineno el, la, los, las

Wakuu, habari za saa hizi. Kila msimu wa wageni wanaoongea Kihispania ukikaribia, simu yangu hujaa maswali yaleyale. Avestruz (mbuni) wingi wake nini? Mbona ni "el agua" (maji) halafu "las aguas"? León (simba) wingi ile alama ya juu inaenda wapi? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika mara moja, na atakayeniuliza tena nitamleta hapa. Mifano yangu mingi ni ya porini kwa sababu mimi ni muongoza watalii na lugha hii nimejifunzia kwenye gari, lakini kanuni ni hizohizo hata kwa anayesoma chuoni.

Kitu kimoja kabla ya hatua. Kiswahili huweka wingi mbele ya neno: mtu, watu, kiti, viti. Kihispania huuweka nyuma. Halafu sisi hatuna vijineno vya el na la, ndiyo maana tunavisahau. Lakini tuna upatanisho. Ukisema "simba yule amelala" na "simba wale wamelala", neno simba halijatikisika. Ni "yule" na "wale" vilivyotuambia idadi. Chukulia el na los hivyo, kama ndugu wa yule na wale, na nusu ya kazi imekwisha.

Hatua ya 1. Jifunze neno pamoja na kijineno chake. Daftarini usiandike "cebra", andika "la cebra". El (ya maneno ya kiume) huwa los, la (ya maneno ya kike) huwa las, un huwa unos, una huwa unas. Unos na unas maana yake ni baadhi, na mbele ya namba huwa ni "kama hivi": unos veinte elefantes, tembo kama 20 hivi.

Hatua ya 2. Neno likiishia irabu, ongeza s. La jirafa, las jirafas. El búfalo, los búfalos. El chimpancé, los chimpancés. Likiishia í yenye mkazo, kama jabalí (nguruwe mwitu), utasikia jabalíes na jabalís, yote sahihi.

Hatua ya 3. Likiishia konsonanti, ongeza es. El chacal, los chacales. El árbol, los árboles. Z ikikutana na hiyo es hugeuka c: el avestruz, los avestruces, el pez, los peces. Sifa nazo zinafuata hivyohivyo: rapaz, rapaces.

Hatua ya 4. Neno likiishia s na mkazo hauko silabi ya mwisho, halibadiliki: el lunes, los lunes, la crisis, las crisis, el paraguas, los paraguas. Hapa ndipo "simba yule, simba wale" inapokuokoa. Mkazo ukiwa mwisho, rudi hatua ya 3: el mes, los meses, el autobús, los autobuses. Tandu amejitenga: el ciempiés, los ciempiés, ingawa mkazo wake uko mwisho.

Hatua ya 5. Alama ya mkazo. Watu wanaikariri neno kwa neno bila sababu. Wingi karibu wote wa Kihispania huishia s, na neno linaloishia s husomwa kama Kiswahili, mkazo silabi ya pili kutoka mwisho. Mkazo ukiwa hapo, usiandike alama. Ukiwa kwingine, andika. León ina mkazo mwisho, ina alama. Le-O-nes mkazo umekaa kama wa Kiswahili, alama imeondoka. Joven haina alama, lakini JÓ-ve-nes mkazo uko wa tatu kutoka mwisho, alama imekuja. Sikiliza neno, usiangalie tu maandishi. Inabaki ile hali ya í au ú yenye mkazo inayokaa bega kwa bega na irabu nyingine: país, países, río, ríos. Hizo hazivui alama.

Hatua ya 6. El agua, el águila, el ave. Soma polepole, kwa sababu hapa niliharibu kwa miaka miwili na kuharibia wengine.

Nilikuwa nimejifunza kwamba el ni ya kiume, basi. Nikaona "el águila", nikaweka tai kwenye kundi la kiume. Siku moja kule Ndutu tukawakuta águila marcial wawili juu ya mti, nikawaambia wageni kwa kujiamini: "los águilas". Ndivyo nilivyokuwa nasema siku zote, na hakuna aliyewahi kunirekebisha. Safari hiyo kulikuwa na mama mmoja mwalimu mstaafu. Hakusema kitu garini. Jioni kambini akaomba daftari langu, akaandika mistari miwili: el águila negra, las águilas negras. Negra, si negro. Neno ni la kike tangu mwanzo, na el pale mbele haibadilishi jinsia yake. Usiku ule nililala vibaya, kwa sababu nilikuwa nimeshawafundisha vijana wawili "los águilas" na "los aves", na orodha ya ndege niliyowaandikia ilikuwa mikononi mwao. Nimewatafuta wote wawili nikaifuta kwa mkono wangu.

Kanuni yenyewe: neno la kike linaloanza na sauti ya a yenye mkazo (iandikwe a au ha, h haisikiki) huchukua el badala ya la katika umoja, ili a mbili zisigongane. Agua, águila, ave, ala (bawa), área, arma, hambre (njaa), hacha. Wingi hurudi las daima: las aguas, las aves, las alas, las áreas.

Angalia sana:
- Lazima a iwe na mkazo. Acacia ni a-CA-cia, kwa hiyo ni la acacia. Arena, mchanga, ni la arena. Kosa la "el acacia" nalisikia kila wiki.
- Sifa hubaki ya kike. El agua fría. Tengo mucha hambre.
- El hukaa pale tu inapogusa neno moja kwa moja. Ukiingiza neno katikati, la inarudi: la misma agua, la gran águila.
- Ni el na un tu, pamoja na algún na ningún. Esta agua, esa águila. "Este agua" utaisikia hata kwa wenyewe, ila usiiandike.

Hatua ya 7. Kundi lenye dume hata mmoja huitwa kwa umbo la kiume: majike watupu ni las leonas, akiwemo dume mmoja ni los leones. De na el huungana kuwa del, a na el kuwa al. Kwenye wingi hakuna muungano: de los leones, a los leones.

MASWALI YA WANACHAMA

Dereva_Mto_wa_Mbu: Mkuu, avestruz ni avestruzes?
Jibu: Hatua ya 3. Mfano ni huohuo.

Kijana wa Usa: Naomba orodha yote ya wingi kwenye PDF, nitumie inbox.
Jibu: Hakuna orodha, kuna hatua saba. Kanuni unatembea nayo.

Mzee wa Kambi: Mimi nasema "los avestruz" miaka yote na wageni wananielewa. Tusiwatishe vijana.
Jibu: Shikamoo mzee. Wanakuelewa, sikatai. Mgeni akikuambia "kitabu mzuri" nawe unamwelewa. Lakini sisi ndio tunaolipwa kuongoza kwa lugha yao, na kijana anayeanza leo anaweza kuianza vizuri bila gharama yoyote.

Binti Tanga: Asante mwalimu. Nimeelewa kanuni ya agua, ila sijaelewa kwa nini wakachukua kijineno cha kiume. Hawakuona kwamba watawachanganya watu?
Jibu: Dada, hili nimengoja mtu aliulize. Hawakuchukua cha kiume. Kijineno cha kike kilitoka kwenye illa ya Kilatini, kikawa ela. Mbele ya konsonanti kikapoteza e, kikabaki la. Mbele ya irabu kikapoteza a, kikabaki el. El ya león yenyewe imetoka kwa ille. Kwa hiyo el ya águila na el ya león zinafanana sura, asili zao mbili tofauti. Zamani walisema hata "el espada" kwa upanga, ambao ni wa kike na e yake ya mwanzo haina mkazo. Baadaye mazoea hayo yakabaki kwa a yenye mkazo tu. Na sisi irabu zikigongana huwa tunafanya jambo: hatusemi "kiake", tunasema chake.

Binti Tanga: Sasa sitaisahau tena.

Mswahili wa Muscat: Salaam. Naona azúcar inafanana na sukari. Ile a ya mbele ni kijineno?
Jibu: Waalaykum salaam. Ni kijineno, ila cha Kiarabu. As-sukkar waliichukua pamoja na al- yake, sisi tukaiacha. Vivyo hivyo aceituna na zeituni. Alcalde ni al-qadi, neno lilelile la kadhi, ila kwao sasa ni meya. Ukisema "los alcaldes" umeweka kijineno cha Kihispania juu ya cha Kiarabu. Azúcar yenyewe hutumika kwa jinsia zote mbili, utasikia azúcar blanco na azúcar blanca. Wingi ni azúcares.

Kijana wa Usa: Kwa nini Marekani wanaandika EE. UU.?
Jibu: Swali zuri hilo. Estados Unidos ni wingi, na kifupisho cha namna hii huonyesha wingi kwa kurudia herufi. Juegos Olímpicos ni JJ. OO.

Mpishi wa Kambi: Wageni wa Andalucía siwasikii s kabisa. Nitajuaje wingi?
Jibu: Kweli, kule s ya mwisho hulegea ikawa pumzi tu, na Karibiani pia. Sikiliza el au lo (yaani los iliyopoteza s) mbele ya neno, na kitenzi: está ni mmoja, están ni wengi. Na wewe jikoni angalia ñ unapoandika. Año ni mwaka. Bila kile kiwimbi ni njia ya haja kubwa. Kwenye keki ya mgeni anayetimiza miaka 50, "50 años" iandikwe kwa uangalifu.

Dereva_Mto_wa_Mbu: Safari wingi wake?
Jibu: El safari, los safaris. Hatua ya 2, lakini hili nakujibu kwa furaha, maana ni neno letu na mkazo wameuacha palepale, sa-FA-ri.

Binti Tanga: Nimejaribu sentensi, nirekebishe: "Las águilas están en la acacia. Los ñus beben la misma agua. Los avestruces están cansadas."
Jibu: Mbili za kwanza sahihi, na "la misma agua" inawashinda wengi waliosoma miaka. Ya tatu: avestruz ni el, hivyo cansados. Lete nyingine tatu kesho, weka hambre ndani yake.