Unarudi Dar na chaneli yako? Panga kodi kabla ya kupanga mizigo

Ukiwa Leicester, Minneapolis au Oslo, chaneli ya YouTube ya mapishi au ya soka inaweza kukulipa kila mwezi bila Tanzania kukuuliza lolote. Siku unayohamishia kamera Dar es Salaam, mambo yanabadilika. Wengi hudhani kodi inafuata pasipoti, au benki ambako dola zinatua. Tanzania inaangalia ukaazi, nao huhesabiwa kwa mwaka wa kalenda, Januari hadi Desemba.

Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, ina njia kadhaa za kukufanya mkaazi. Inayojulikana ni kuwepo nchini siku 183 ndani ya mwaka, hata kama hazikufuatana. Maana yake anayetua tarehe 3 Julai au baadaye, kama hakuwa amekuja mapema mwaka huo, hawezi kufikisha idadi hiyo. Njia nyingine ni ya wale wa kuja na kuondoka: ukiwepo mwaka huu na miaka miwili iliyotangulia kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kila mwaka, umeingia. Ya tatu ndiyo inayowanasa watu wa diaspora. Mwenye makazi ya kudumu nchini, akiwepo kwa sehemu yoyote ya mwaka, ni mkaazi; sikukuu za Desemba peke yake zinatosha. Sasa hesabu mwenyewe ni wangapi wamejenga Bunju, Goba au Kigamboni, nyumba ina samani na funguo ziko kwa shangazi. Aliyempangisha mtu kwa mkataba ana hoja ya kujitetea. Ambaye nyumba inamsubiri yeye, hoja yake ni nyembamba. Kwa hiyo mihuri ya pasipoti na tiketi za ndege usizitupe.

Mkaazi hutozwa kwa mapato yake ya dunia nzima. Ipo nafuu isiyosemwa sana: mtu ambaye katika maisha yake yote hajawa mkaazi wa Tanzania kwa zaidi ya miaka miwili kwa jumla hutozwa kwa mapato yenye chanzo nchini tu. Inamfaa Mkenya au Mganda anayehamia Dar kwa mara ya kwanza, au kijana aliyezaliwa Toronto. Aliyesoma shule za Dar kama Azania au Jangwani ameshaimaliza hiyo miaka miwili tangu akiwa chekechea. Na hata huyo wa Toronto, akirekodi na kuhariri video zake Mikocheni, asijipe uhakika kwamba chanzo chake kiko nje.

Tuje kwenye pesa inayovuja kimyakimya. Tangu 2021 Google hukata kodi ya Marekani kwenye sehemu ya mapato ya YouTube inayotokana na watazamaji waliopo Marekani, hata kama wewe hujawahi kukanyaga huko. Kiwango kinategemea fomu ya W-8BEN (fomu ya kodi ya Marekani kwa wasio raia wala wakaazi wake) na nchi unayotajwa kuwa mkaazi wake. Anayeishi Uingereza hutumia mkataba wa kodi kati ya nchi hiyo na Marekani na kukatwa asilimia 0. Tanzania haina mkataba huo na Marekani, Kenya na Uganda pia hazina, hivyo ukihamia Dar kiwango ni asilimia 30 ya sehemu hiyo. Chaneli ikiingiza dola 1,000, na 400 kati yake zimetoka kwa watazamaji wa Marekani, zinakatwa dola 120. Asiyejaza fomu yoyote anaweza kukatwa hadi asilimia 24 ya mapato yote, ya kila nchi.

Ndiyo maana vishawishi vya kuacha anwani ya Leicester kwenye fomu ni vingi. Usifanye hivyo. Fomu ile ni kiapo mbele ya sheria ya Marekani, na mabadiliko ya ukaazi unapaswa kuyatolea taarifa ndani ya siku 30. Jambo jingine la kujipanga nalo mapema: kwenye AdSense, mfumo wa Google unaolipa mapato ya YouTube, nchi ya akaunti haibadilishwi. Unafungua akaunti mpya ya Tanzania na kuiunganisha na chaneli, kisha unathibitishiwa anwani kwa namba ya siri inayotumwa kwa barua. Kwa Dar barua ni sanduku la posta, si geti la nyumba, basi uwe na S.L.P. inayofunguliwa mara kwa mara, yako au ya ndugu.

Raia wa Marekani na wenye kadi ya ukaazi wa kudumu wa huko wako kwenye hesabu nyingine. Wao hujaza fomu ya W-9 badala ya W-8BEN, na Marekani huendelea kuwadai hata wakiishi Sinza. Kwa mwaka 2025 wanaotimiza masharti wanaweza kuondoa hadi dola 130,000 za mapato ya kazi kwenye kodi ya mapato, lakini kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3 hubaki palepale, kuanzia faida ya dola 400 tu. Hili huwashtua wengi, maana walishaambiwa na marafiki kwamba wamesamehewa.

Anayetoka Uingereza asiondoke na deni la ritani, yaani taarifa ya mapato ya mwaka. Mwaka wao wa kodi huisha Aprili 5, na ritani ya mtandaoni hutumwa kabla ya kuisha Januari 31 inayofuata. Mauzo ghafi ya kazi ya kujiajiri yakivuka pauni 1,000 kwa mwaka, ulipaswa kujisajili.

Hofu ya kulipa mara mbili ina msingi. Tanzania ina mikataba ya kuzuia utozaji mara mbili na Canada, Denmark, Finland, India, Italia, Norway, Afrika Kusini, Sweden na Zambia. Uingereza na Marekani hazimo. Sheria ya ndani humpa mkaazi nafuu ya kodi aliyolipa nje kwa mapato ya nje, lakini kwa ushahidi na kwa kikomo. Fomu ya 1042-S ambayo Google hutoa kila mwaka ndiyo ushahidi wa makato ya Marekani, ipakue. Iwapo mapato ya video iliyotengenezwa Dar ni ya nje au ya ndani ni ubishi wa kitaalamu, na kwangu hapa ndipo pa kumlipa mshauri wa kodi aliyesajiliwa. Mengine mengi unaweza kuyafanya mwenyewe.

Kwa TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, unaanza na TIN, namba ya mlipakodi. Ni bure, inaombwa mtandaoni kwa namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), na sheria inakupa siku 15 tangu kuanza biashara. Makadirio ya mwaka hupelekwa kabla ya Machi kuisha, na kodi hulipwa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ritani ya mwisho ni Juni 30 ya mwaka unaofuata. Faida ya shilingi milioni 3.24 ya kwanza haitozwi. Viwango hupanda kutoka asilimia 8 hadi 30, na hiyo 30 huanzia juu ya milioni 12. Faida ya milioni 18 kwa mwaka inakupa kodi ya shilingi 3,336,000. Utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, wa mauzo yasiyozidi milioni 100, hauwahusu watoa huduma za kitaalamu, hivyo usijiweke humo kwa kukisia. Uliza ofisi ya mkoa wako wa kodi, na jibu ulipate kwa maandishi.

Dili za kampuni za hapa zina kanuni zake. Tangu Sheria ya Fedha ya 2024, anayekulipa kama mtengeneza maudhui hukata kodi ya zuio, yaani inayokatwa kabla hujapewa malipo, ya asilimia 5. Dai cheti cha makato hayo kila mara. Bila hicho huna cha kuonyesha wakati wa kufunga hesabu. Na ankara ya mteja wa Dar iandike kwa shilingi, kwani kanuni za 2025 zimekataza kupanga bei za ndani kwa fedha za kigeni. Ukipanga chumba cha studio, kumbuka mpangaji wa biashara hukata asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA. Wenye nyumba hawalipendi hilo, bora liandikwe kwenye mkataba kabla ya kuhamia.

Leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ya maudhui mtandaoni ni suala jingine kabisa. TIN haichukui nafasi yake.

Gharama za kazi hupunguzwa kwenye mapato: bando, mhariri, usafiri wa kurekodi, na kompyuta kwa uchakavu wa asilimia 37.5 kwa mwaka. Dai risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) hata kwa kebo ya Kariakoo. Kila malipo ya dola yaandikie siku yake na kiwango cha Benki Kuu cha siku hiyo, halafu nyaraka zote uzihifadhi miaka mitano. Viwango vyenyewe viangalie upya kila Julai, Sheria mpya ya Fedha inapoanza.