Kabla ya Mwaka wa Utafiti: Mambo ya Kuweka Sawa Ukiwa Dar

Shahada ya sayansi ya tiba peke yake haikufanyi daktari. Lisemwe mapema, mbele ya wazazi wanaolipa ada, kabla hata ya kutafuta chumba Upanga. Ili usajiliwe na Baraza la Madaktari Tanganyika unahitaji shahada ya udaktari yenyewe, ambayo Muhimbili ni miaka 5, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini hospitalini. Sayansi ya tiba husimama kando ya udaktari, au huwekwa ndani yake. Uingereza, kwa mfano, mwanafunzi wa udaktari anaweza kuacha wodi kwa mwaka mmoja, akafanya utafiti, akapata shahada ya sayansi, halafu akarudi kuendelea alipoachia. Oxford wao wameupachika humo humo ndani ya miaka 6. Kwa hiyo ofisi ya udahili uiulize kwanza: mwaka huu wa utafiti unaongezwa juu ya miaka yangu, au tayari umehesabiwa? Swali hilo hilo lipeleke Bodi ya Mikopo. Fungu la utafiti wanalo, ila usipange nauli na vitendanishi (kemikali za kupimia maabara) kwa pesa ambayo haijaingia kwenye akaunti.

Sasa utafiti wenyewe. Wengi hujiandaa kwa kusoma sana, na si vibaya, lakini naona kinachoumaliza mwaka huu ni kalenda kuliko ugumu wa sayansi. Tuseme unataka kujua ni wagonjwa wangapi wa kisukari wanaohudhuria kliniki ambao presha yao haijadhibitiwa. Hujui kiwango kitakuwaje, hivyo unakisia asilimia 50. Unataka uhakika wa asilimia 95 na kosa lisilozidi asilimia 5. Kanuni ya kawaida ya kukadiria idadi ya washiriki inakupa watu 384. Ukikadiria kwamba mmoja kati ya kumi atakataa au dodoso lake litabaki nusu, inabidi uwafikie watu 427. Kliniki yako, tuseme, hukaa mara moja kwa wiki, na wenye sifa unazozitaka hawazidi wanane. Gawanya mwenyewe: wiki 53 na ushee. Mwaka una wiki 52, na kibali bado hujakiona.

Ndiyo maana nashauri uende kliniki kabla ya kuandika pendekezo la utafiti. Mwombe inchaji kwa adabu, kaa na rejesta, hesabu wanaokuja kweli badala ya wale unaotamani waje. Ukikuta hawatoshi, bado una nafasi ya kuchagua. Unaweza kuongeza kliniki za Amana, Temeke au Mwananyamala. Unaweza kutumia mafaili yaliyopo badala ya kusubiri wagonjwa wapya. Unaweza kukubali kosa la asilimia 7, na watu wakashuka kutoka 384 hadi 196. Msimamizi mzuri atakubana kwenye hesabu hii siku ya kwanza. Asiyekubana, na anayejibu ujumbe wako baada ya wiki tatu, mkimbie hata kama jina lake linang'aa.

Vibali vinakula miezi. Kamati ya maadili ya chuo hukaa kwa ratiba yake, na andiko likirudishwa na marekebisho unasubiri tena. Baada ya hapo kuna barua ya uongozi wa hospitali. Zahanati na vituo vya afya vya manispaa unavifikia kupitia kwa Mganga Mkuu wa Manispaa. Ukiwa unasoma nje na umerudi Dar kukusanya data, kibali cha chuo cha kule hakitoshi: kuna kamati ya taifa ya maadili ya utafiti wa afya iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na mwenzako wa kigeni atahitaji pia kibali cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Damu au makohozi yakitakiwa kupimwa ng'ambo, lazima uwepo mkataba wa kuhamisha sampuli. Anza haya yote mwaka unaotangulia.

Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili cha kawaida, kile anachoongea mama wa Mbagala aliyeamka alfajiri kuwahi foleni. Msalimie shikamoo kwanza, kaa chini, mwambie wazi kwamba akikataa matibabu yake hayaguswi. Kwa mtoto chini ya miaka 18, mzazi aridhie, na mtoto mwenye umri wa kuelewa aulizwe naye. Jaribu dodoso kwa watu wachache katika kliniki nyingine kabla. Maswali mawili matatu yatakuaibisha, na ni heri yakuaibishe huko.

Angalia pia msimu. Masika ya Machi hadi Mei hufurika Jangwani, barabara hufungwa, na kliniki hupwaya. Ramadhani nayo huja mapema kwa kama siku 11 kila mwaka. Ukipima sukari ya wagonjwa wanaofunga, ujue unapima kitu kingine.

Kama kazi ni ya maabara, uliza mambo yasiyo na hadhi: friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri imeunganishwa na jenereta? Vitendanishi vinaagizwa wapi na vinachukua muda gani kufika? Kwa upande wa programu huna haja ya kulipa. R na Epi Info za kuchambua data ni za bure, KoboToolbox inajaza dodoso kwenye simu hata bila mtandao, na majarida mengi utayapata kupitia Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufungulia vyuo majarida ya afya, ikiwa chuo chako kimejisajili. Majina ya wagonjwa yasikae kwenye faili la data. Tumia namba, na orodha ya majina ifungiwe mahali pengine. Tangu 2022 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, na taarifa za afya ni nyeti.

Jambo linalosahaulika ni mikono. Mwaka bila kugusa mgonjwa unakutoa kwenye mdundo: kusikiliza kifua, kutafuta mshipa, kuwasilisha mgonjwa kwenye raundi. Omba tangu mwanzo uruhusiwe kuhudhuria raundi asubuhi moja kila wiki, na iandikwe kwenye ratiba mnayokubaliana na msimamizi, maana data zikianza kuingia hutaikumbuka.